Kupiga enameli kwa eabrashi: bodi ya Datsun 240Z ya Safari Rally 1971, kutoka plastiki tupu hadi mng'ao

Enameli ni rangi ya mafuta, ya ukoo mmoja na ile inayopakwa kwenye mageti na madirisha ya chuma, ila imesagwa laini zaidi na kufungwa kwenye vikopo vya mililita 10 au 14. Hukauka mara mbili. Kwanza kiyeyushi huruka, na baada ya saa kadhaa rangi haishiki tena kidoleni. Baadaye mafuta yaliyobaki huungana na oksijeni ya hewani na kuwa ngozi ngumu, na hiyo ni kazi ya siku nyingi, pengine wiki. Modeli nyingi (magari madogo ya plastiki ya kuunganisha) zilizopakwa enameli huharibikia kati ya hatua hizo mbili: mwenye kazi ameona rangi imekauka, akaongeza koti, akabandika tepu au akaanza kusugua, kumbe chini bado ni mbichi.

Ubichi huo huo ndio uzuri wake. Rangi inayochelewa kukauka hupata nafasi ya kujilaza yenyewe, alama za matone hufutika, na mng'ao hutoka wenye kina hata bila vanishi juu yake. Rangi ya maji haikupi hilo kirahisi.

Mfano tunaoufuata ni Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, namba 11, ambayo Edgar Herrmann na Hans Schüller waliibuka nayo washindi wa East African Safari Rally mwaka 1971. Hasegawa, watengenezaji wa modeli za plastiki, wameitoa kwa kipimo cha 1/24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari lenyewe. Inafaa kujifunzia kwa sababu ina mitihani miwili mizito: nyekundu inayotakiwa kung'aa, na nyeusi isiyong'aa inayotakiwa kukatwa kwa mstari safi kando ya nyekundu hiyo.

Vifaa

Eabrashi, bunduki ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, iwe ya kitufe chenye kazi mbili, yaani ukibonyeza inatoa hewa, ukivuta nyuma inatoa rangi, na kikombe kiwe juu ili rangi ishuke kwa uzito wake. Nozeli ya milimita 0.3 inafanya kazi yote ya bodi ya 1/24. Ya 0.2 huziba haraka kwa enameli, ya 0.5 ni nzuri kwa praima, yaani rangi ya msingi. Kompresa ndogo yenye tangi la lita 3 inatosha, kwa sababu tangi hutuliza hewa isije ikawa inapigapiga kama mapigo ya moyo. Kompresa ya gereji nayo inafaa, mradi uweke regyuleta ya kupunguza msukumo wa hewa inayoweza kushuka hadi psi 15 (psi ni kipimo cha msukumo huo) na kichujio cha kuzuia maji na mafuta. Ukiwa Tanga, Mombasa au Unguja kichujio hicho si hiari: hewa ya pwani ikibanwa hutoa maji, na tone moja likipita kwenye nozeli huacha shimo katikati ya paa. Mwaga maji ya tangi kila umalizapo kazi.

Kwa rangi, za kampuni za Humbrol na Tamiya, Humbrol 19 au Tamiya X-7 ni nyekundu ya kung'aa. Humbrol 33 au Tamiya XF-1 ni nyeusi isiyong'aa. Hapa kwa Tamiya kuna mtego. Rangi zao za akriliki (zile za maji) na za enameli zimepewa namba zilezile, X-7 iko huku na iko kule. Soma kopo lenyewe. Kiyeyushi cha enameli yao ni X-20. Cha akriliki ni X-20A. Herufi moja tu, lakini ukitia X-20A kwenye enameli rangi hukatika kama maziwa yaliyoganda, na eabrashi nzima utaifungua.

Kiyeyushi bora ni cha kampuni ya rangi uliyonunua. Waiti spiriti safi ya dukani kwa mafundi rangi hufaa kwa Humbrol, hasa kwa kusafishia. Usitumie mafuta ya taa: huacha utelezi na rangi inaweza kukaa wiki nzima bila kukauka vizuri. Tina kali ya rangi za magari huifanya enameli ikauke upesi, lakini inakula plastiki, na kwa anayeanza hatuishauri kabisa kwenye rangi ya bodi. Itunze kwa ajili ya kusafishia nozeli.

Ongeza glavu za nitraili, sirinji mbili za mililita 5, kipande cha soksi nyembamba ya kike cha kuchujia, msasa wa maji namba 600, 1000, 1500 na 2000, tepu ya modeli ya milimita 6, vijiti vya meno, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali huzuia vumbi tu, mvuke hupita. Fungua madirisha, zima jiko na usiwe na kitu chochote chenye moto chumbani. Matambara yaliyolowa enameli yatandaze nje yakauke, usiyakunje na kuyatupa kwenye pipa, maana mafuta yanayokauka hutoa joto na rundo la matambara linaweza kuwaka lenyewe.

Kuandaa bodi

Bodi ya plastiki huwa na mistari mahali ambapo vipande vya kalibu vilikutana. Kwenye magari, itafute juu ya madigadi, kwenye nguzo za paa na kwenye pembe za bampa. Mara nyingi huioni kwa macho. Pitisha ukucha utaisikia. Iondoe kwa msasa namba 600 uliolowa, kisha 1000. Mng'ao haufichi kasoro, unazitangaza, kwa hiyo dakika unazoziokoa hapa utazilipa baadaye.

Mistari ya milango, boneti na buti inahitaji kuchimbwa tena kabla ya rangi. Praima, nyekundu na vanishi vikikusanyika, mfereji wa mlango hujaa na gari huonekana kama sabuni iliyochongwa. Pitisha kichongeo au mgongo wa ncha ya wembe mara tatu au nne, kwa uzito mdogo, ukiufuata mfereji uliopo. Ukilazimisha kwa mkupuo mmoja ncha itaruka na kukwaruza mlango.

Osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kwa mswaki laini. Hapa unaondoa mafuta ya kalibu na ya vidole. Suuza, acha ikauke bila kuifuta kwa taulo, na tangu hapo ishike kwa glavu. Iweke juu ya kishikio: waya wa henga uliokunjwa ukatanuka ndani ya bodi, au chupa ya maji iliyojazwa mchanga na kuvikwa tepu iliyogeuzwa gundi nje. Muhimu ni uweze kuigeuza pande zote, juu hadi chini ya bampa, bila kugusa nje.

Praima

Tumia praima ya laka (rangi ya kiyeyushi kikali) iliyotengenezwa kwa modeli, kama Tamiya Surface Primer au Mr. Surfacer 1200. Enameli juu ya laka ni salama. Kinyume chake ni balaa: laka ikipulizwa juu ya enameli, kiyeyushi chake kikali huipenya na kuikunjamanisha kama ngozi ya maziwa ya moto.

Rangi ya praima ni uamuzi wa kweli, si jambo la kupita. Nyekundu ya kung'aa huwa haizibi. Mwanga hupenya hadi chini na kurudi na rangi iliyopo huko. Juu ya kijivu utapata nyekundu iliyozama, karibu na damu ya mzee. Juu ya nyeupe itawaka na kuelekea kidogo kwenye chungwa. Juu ya waridi hutoka nyekundu iliyojaa na sawasawa kila mahali, na koti moja pungufu. Kwa gari hili chagua nyeupe au waridi. Kijivu kitumie kwanza kama mpelelezi tu: puliza koti jembamba, angalia kasoro zilizojitokeza, zisugue, kisha funika kwa nyeupe.

Koti mbili nyembamba, dakika 15 kati yake, kisha usiku mzima wa kukauka. Sugua kwa msasa wa maji 1500, polepole, na usiguse kabisa kingo za madigadi na mistari ya boneti. Kingo ndizo zinazoisha kwanza siku zote. Plastiki ikichungulia, puliza praima tena pale tu.

Kuchanganya

Usitikise kopo la enameli. Lifungue, koroga kwa kijiti bapa ukikwangua chini kwa dakika tatu hadi tano, mpaka kijiti kisiinue tena tope. Sehemu kubwa ya rangi imekaa huko chini. Juu ni mafuta. Mtu akichota juu tu atapata rangi ya maji-maji isiyoziba na inayochelewa kukauka, kisha atailaumu kampuni.

Kwa koti za mwanzo, sehemu 3 za rangi kwa 2 za kiyeyushi: mililita 3 kwa 2 kwenye sirinji. Kwa koti la mwisho la maji, yaani koti zito la kulowesha bodi, sehemu 1 kwa 1. Mililita 4 hadi 5 za mchanganyiko hutosha koti moja la bodi ya 1/24, hivyo kopo moja la mililita 14 linamaliza gari na kubaki. Kipimo kisikufunge lakini, kwa sababu kopo lililofunguliwa mwaka jana huwa zito kuliko jipya. Jaribu hivi: rusha tone kwenye ukuta wa kikombe. Likishuka kama maziwa na kuacha utando mwembamba wa rangi nyuma yake, liko sawa. Likishuka kama maji na kuacha ukuta ukiwa wazi, umezidisha kiyeyushi. Likibaki na mguu mzito, ongeza matone machache. Chuja kwa soksi kabla ya kumimina kwenye eabrashi.

Kupuliza

Weka psi 20, ukipima hewa ikiwa inatoka, maana sindano ya geji hushuka unapobonyeza kitufe. Anza kwenye kijiko cha plastiki kilichopigwa praima pamoja na bodi. Mgongo wa kijiko umepinda kama madigadi na utakuambia ukweli wote: umbali, uzito wa rangi, kasi ya mkono. Ukishapata kijiko kinachong'aa, mkono wako umejua.

Koti la kwanza ni vumbi. Umbali sentimita 12 hadi 15, rangi kidogo, pita haraka. Praima ionekane bado katikati ya vitone. Kazi ya koti hili ni kushika, si kuziba. Anza na sehemu ngumu: ndani ya mistari ya milango, chini ya bampa, kingo za matao ya magurudumu, mzizi wa nguzo za paa. Hizo zikiachwa mwisho hulazimisha urudi na rangi nyingi, na hapo ndipo michirizi huzaliwa. Subiri dakika 15. Koti la pili ni la vumbi pia, zito kidogo. Sasa gari ni jekundu lakini halina mng'ao, linakwaruza kidogo. Usishtuke, ndivyo linavyotakiwa kuwa.

Baada ya dakika 20 hadi 30 linakuja koti la maji, na hili ndilo lenye mng'ao wote. Punguza rangi kwa kiyeyushi hadi sehemu 1 kwa 1, sogea sentimita 8, vuta kitufe nyuma zaidi, na tembeza mkono polepole. Anza kubonyeza kabla ya kufika kwenye bodi na achia baada ya kuipita. Ukianzia juu ya bodi yenyewe, tone la kwanza litabaki hapo. Kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Anza na paa, kisha boneti, ubavu mmoja, nyuma, ubavu wa pili. Ukianzia juu, vumbi la paa huangukia mbavu ambazo bado zinangoja kulowa, nalo humezwa.

Usiangalie rangi, angalia taa. Weka balbu upande wa pili wa modeli na ufuate mwako wake ukitembea mbele ya eabrashi. Mwako ukiwa umejaa vinundu, rangi ni kavu mno: sogea karibu au punguza mwendo. Mwako ukinyooka kama kioo, acha mara moja na sogea mbele. Ule mwendo mmoja wa ziada wa kutaka kuhakikisha ndio unaoshusha mchirizi mlangoni.

Ukimaliza, funika bodi kwa boksi safi lililofutwa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha ondoka chumbani. Unywele ukianguka, uache. Utatolewa kwa msasa rangi ikikomaa. Kibano kwenye rangi mbichi huacha bonde lisilotibika.

Kuhusu koti la nyongeza, kama utaona praima inachungulia mahali, rudia ndani ya saa moja. Ikipita saa moja, usirudie hadi siku tano. Katikati hapo ngozi ya juu imeanza kufunga na chini kuna ubichi. Kiyeyushi kipya huingia, huvimbisha, na rangi hukunjamana.

Kukomaa

Baada ya saa 24 unaweza kushika bodi kwa glavu. Tepu, siku 7. Kusugua na kung'arisha, wiki 3 au 4. Masika hurefusha muda huo, na chumba cha baridi pia. Mashine ya kukaushia matunda ikiwekwa nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi hukomaza enameli kwa saa 24 hadi 48, lakini usipandishe zaidi: plastiki ya modeli huanza kulegea na kupinda kwenye nguzo nyembamba za paa. Gari lililofungwa juani lina joto lisilopimika, usilitumie.

Kipimo cha uhakika ni pua. Nusa bodi kwa karibu. Ukisikia harufu ya rangi, bado inatoa kiyeyushi, haijalishi kalenda inasema nini.

Boneti nyeusi

Boneti ikiwa ni kipande cha pekee, ipige rangi mbali na bodi na umemaliza. Ikiwa imeungana, subiri zile siku 7, kisha bandika tepu ukifuata mfereji wa boneti, ukingo wa tepu ukae ndani ya mfereji wenyewe. Tumia tepu nyembamba kwenye mikunjo, kwa sababu pana hukunjamana na kuinuka. Bonyeza ukingo kwa kijiti cha meno kilichofanywa butu. Bodi iliyobaki ivike mfuko wa plastiki uliofungwa kwa tepu, na usisahau kuziba kwa chini: ukungu wa rangi hupanda kupitia matao ya magurudumu na nafasi ya kioo cha mbele, ukatua juu ya paa kama moshi.

Kabla ya nyeusi, puliza nyekundu ileile kwa koti jembamba kando ya tepu tu. Kama kuna mahali tepu imeinuka, nyekundu itaziba mwanya huo na nyeusi haitapenya. Acha dakika 30. Kisha nyeusi, psi 15, koti mbili au tatu kavu-kavu; rangi isiyong'aa haitaki koti la maji. Toa tepu ndani ya saa moja, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe na kuivuta taratibu. Ukiacha hadi nyeusi ikauke kabisa, ukingo huvunjika kwa meno-meno.

Kung'arisha na stika

Bodi ikiwa imetoka safi, iache kama ilivyo. Kama ina ganda la chungwa (uso wenye vinundu kama ganda la tunda hilo) au vumbi, tumia msasa wa maji 2000 na sabuni kidogo, kisha kompaundi ya Tamiya: ya kukwangua, laini, na ya kumalizia, kila moja na kitambaa chake. Kingo zifunike kwa tepu nyembamba unaposugua kwa msasa. Usiiguse boneti, rangi isiyong'aa ikisuguliwa hupata madoa ya mng'ao.

Stika za maji (zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) hukaa vizuri juu ya mng'ao. Juu ya boneti isiyong'aa hunasa hewa na kuonyesha weupe pembeni, hivyo puliza kwanza vanishi ya kung'aa ya akriliki mahali stika inapokwenda, bandika, kisha zima mng'ao kwa vanishi isiyong'aa. Kwa gari zima pia tunapendelea vanishi ya akriliki, kwani ile ya enameli huelekea njano kadiri miaka inavyokwenda. Ukitaka kupaka vumbi jekundu la barabara za Safari kwa rangi iliyoyeyushwa na waiti spiriti, vanishi hiyo ya akriliki ndiyo inayolinda nyekundu isiyeyuke pamoja na vumbi.

Yanapoharibika

Ganda la chungwa hutokana na rangi nzito, umbali mkubwa au hewa nyingi: matone hufika yameshaanza kukauka. Michirizi ni kinyume chake. Ukiuona mchirizi ungali mbichi, lalisha bodi uusambaze kwa uzito wake. Vinginevyo ungoje ukomae uusugue. Vijishimo vya duara vyenye kitovu ni mafuta au silikoni, aghalabu kutoka kwenye dawa ya kung'arishia dashibodi iliyopulizwa chumba kilekile. Eabrashi ikitema matone, ncha ya sindano imeganda rangi: ifute kwa pamba yenye kiyeyushi. Mapovu ndani ya kikombe maana yake nozeli haijakaa sawa au ina ufa, hewa inarudi nyuma.

Ikishindikana kabisa, mafuta ya breki ya DOT 3 huvua enameli kwenye plastiki ya kawaida ya modeli. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ya vipuri. Loweka bodi saa 12 hadi 24 kwenye chombo chenye mfuniko, ukivaa glavu, sugua kwa mswaki, osha kwa sabuni mara mbili.

Kusafisha eabrashi

Kila ubadilishapo rangi, mwaga iliyobaki, tia waiti spiriti, ziba ncha kwa kitambaa na bonyeza kidogo ili hewa irudi kikombeni, mwaga, rudia hadi itoke safi. Mwisho wa kazi pitisha tina kali mara moja, kisha vuta sindano kwa nyuma na uifute kuanzia mwili kuelekea ncha, usije ukaipinda. Usiloweke eabrashi nzima kwenye tina. Mipira ya ndani huvimba. Nozeli ikitoka, irudishe kwa vidole na ukaze kidogo tu kwa spana yake. Uzi wake wa kukazia ni mwembamba kuliko unavyodhani, na ukikatika humo ndani, nozeli mpya pekee haitakusaidia.